Mdudu bila maelezo ni mzoga tu: Jinsi chama cha vijana kinavyoweza kuandaa mkusanyo wenye manufaa

WENGI wetu tulilelewa tukiamini kuwa mdudu ana hatima mbili pekee: kukanyagwa au kupuliziwa dawa. Ndiyo maana mzazi amwonapo mwanawe akirejea nyumbani na chupa iliyojaa panzi na mbawakawa, wazo la kwanza linalomjia ni kwamba mtoto huyo amekosa kazi.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chama cha vijana, kiwe cha shule, cha kanisa, cha msikiti au cha mtaa, kinavyoweza kuandaa mkusanyo wa wadudu utakaowafaa vijana wenyewe pamoja na wakulima wanaowazunguka. Aidha, yanakusudia kusisitiza jambo moja ambalo viongozi wengi wa vyama hulichukulia kuwa dogo: thamani ya mkusanyo wowote imo katika kijikaratasi kinachochomwa kwenye pini chini ya mdudu.

Mradi wa aina hii si mgeni. Nchini Marekani, vyama vya vijana vinavyojulikana kama 4-H, ambavyo chimbuko lake ni jimbo la Ohio mnamo 1902, vimekuwa vikiwashindanisha wanachama wao kwa mikusanyo ya wadudu kwa miongo mingi. Vijana hupeleka masanduku yao katika maonyesho ya kilimo ya kaunti zao, na waamuzi hutoa alama kwa kuzingatia wingi wa makundi ya wadudu, ubora wa maandalizi na usahihi wa maelezo.

Kenya iliuiga mfumo huo. Wenye umri wangu wanazikumbuka vyema siku za 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, pamoja na vitalu vya sukuma wiki na vizimba vya sungura vilivyoambatana nazo. Vyama hivyo vilififia kwa muda mrefu kabla ya kuzinduliwa upya mnamo 2021. Kando navyo, vipo vyama vya wanyamapori, Wildlife Clubs of Kenya, vilivyoanzishwa na wanafunzi wa shule za upili mnamo 1968.

La kushangaza ni kwamba 4-K ilishughulikia mboga na sungura, nao wapenzi wa wanyamapori wakamshughulikia simba na ndovu. Mdudu, ambaye huila mboga ile na kuulisha msitu ule, alianguka katikati na hakuokotwa na yeyote.

Na hali hii ni nchi iliyompa dunia Profesa Thomas Risley Odhiambo. Mzaliwa huyo wa Mombasa, aliyesomea Makerere na Cambridge, alianzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe, jijini Nairobi mnamo 1970, wakati ambapo wengi hawakuamini kuwa Mwafrika angeweza kuongoza taasisi ya sayansi ya kiwango hicho. Alifariki 2003, lakini makao makuu ya kituo chake yangali Kasarani, mahali panapoitwa Duduville. Sijui jina jingine la taasisi ya sayansi lililokopa neno la Kiswahili kwa uchangamfu kama huo.

Mdudu ni nani?

Kazi ya kwanza ya kiongozi wa chama ni ya lugha. Neno 'mdudu' katika Kiswahili ni pana mno. Buibui ni mdudu, kupe ni mdudu, nge na jongoo ni wadudu, na hata kinachomfanya mtoto aumwe na tumbo twasema ni mdudu. Mwanasayansi haukubali upana huo. Kwake, mdudu ni kiumbe mwenye miguu sita, mwili uliogawika katika sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, na jozi moja ya vipapasio kichwani. Wengi wana mabawa, japo si wote.

Kwa kipimo hicho, buibui mwenye miguu minane anaondoka, kupe na nge wanaandamana naye, na jongoo hahitaji hata kuhesabiwa miguu. Kiongozi akiwapanga viumbe kumi mezani na kuwataka vijana waamue nani abaki na nani aende, somo hilo litachukua nusu saa na halitasahaulika.

Baada ya hapo huja makundi makuu, ambayo wataalamu huyaita oda. Zipo oda zipatazo 30 duniani, lakini chama kinachoanza kitatosheka na nane au kumi. Mbawakawa, ambao mabawa yao ya mbele yamegeuka kuwa magamba magumu, ndio wengi kupita wote: takriban aina 400,000 zimeelezwa na wanasayansi kufikia sasa. Wapo vipepeo na nondo, nyuki, nyigu na sisimizi, inzi na mbu, ambao wana jozi moja tu ya mabawa, panzi, nzige na nyenje, kereng'ende, vunjajungu, na kundi kubwa la wafyonzaji wanaojumuisha vidukari na kunguni.

Mchwa, ambao vitabu vya zamani viliwapa oda yao wenyewe, siku hizi huwekwa katika oda moja na mende, kwani utafiti wa chembe za urithi umethibitisha kuwa ni ndugu. Mwalimu anayetegemea kitabu cha miaka ya 1980 asishangae mwanafunzi akimsahihisha.

Majina nayo hudanganya. Yule mdudu mwembamba wa rangi nyekundu na nyeusi ambaye Wakenya humwita 'Nairobi fly' si inzi hata kidogo. Ni mbawakawa mwenye magamba mafupi. Hang'ati wala hadungi, lakini akipondwa mwilini hutoa maji yanayoichoma ngozi na kuacha vidonda. Vijana wafunzwe kumpuliza, wala si kumpiga kofi.

Wavu, shuka na mlimau

Vifaa havigharimu pesa nyingi. Wavu hushonwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, kikapewa umbo la mfuko mrefu ambao kina chake ni mara mbili ya upana wa mdomo, kisha kikazungushiwa waya mgumu uliofungwa kwenye mpini wa ufagio. Kina hicho kina sababu: mdudu akishaingia, mshikaji huugeuza mpini ili mfuko ujikunje juu ya mdomo, na mfungwa akose pa kutokea. Chandarua ambacho bado chatumika kitandani kisiguswe. Kazi yake ya kuzuia malaria ni kubwa kuliko mradi wowote wa chama.

Usiku, shuka jeupe likitandazwa ukutani mbele ya taa, wageni watakuja wenyewe. Usiku wenye giza hufaa zaidi kuliko wa mbalamwezi, na majuma ya kwanza ya mvua, iwe ya masika au ya vuli, hushinda majira mengine yote. Katika maeneo ya Magharibi ya Kenya, kiongozi awe macho wakati kumbikumbi wanapotoka, la sivyo atakuta mkusanyo wa chama umekaangwa.

Kwa wadudu watambaao ardhini, kikombe cha plastiki kilichofukiwa hadi ukingoni hutosha, mradi kikaguliwe kila asubuhi na kufukuliwa mradi ukiisha. Ndizi iliyoiva mno hadi ikaanza kuchacha huwavuta vipepeo wenye nguvu ambao ni nadra kuonekana kwenye maua.

Hata hivyo, vielelezo bora kabisa havikamatwi, hulelewa. Yeyote aliye na mlimau, mdimu au mchungwa uani anaweza kuwapata viwavi wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wanasayansi humwita Papilio demodocus. Akiwa mdogo, kiwavi huyo hufanana na kinyesi cha ndege, na hivyo huachwa na walao viwavi. Akikua, hugeuka kuwa wa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili laini za rangi ya machungwa zenye harufu kali.

Kijana akimweka katika kopo lenye mfuniko wa kitambaa, akamletea majani mabichi kila siku, atashuhudia anavyojifunga na kuwa bundo, kisha kipepeo asiyekuwa na mkwaruzo wowote. Wakazi wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke, Kaunti ya Kilifi, wameigeuza elimu hiyo kuwa riziki: kupitia mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa Gede mnamo 1993, hufuga vipepeo na kuuza mabundo yanayosafirishwa hadi kwenye kumbi za maonyesho ng'ambo. Kwa njia hiyo, msitu uliosimama umekuwa na faida kwao.

Je, ni lazima kuua?

Hapa ndipo vijana wengi husita, na ni vyema wasite. Kiongozi asilifunike suala hili kwa maneno matamu. Mkusanyo wa kudumu huhitaji wadudu waliokufa, na kuua kiumbe kwa sababu tu ni mrembo ni sababu dhaifu.

Sababu yenye uzito ni kwamba wadudu wengi hawawezi kutambuliwa kwa picha. Mbawakawa wawili wanaofanana kama pacha huenda wakatofautiana kwa vinyweleo vya mguu au kwa viungo vya ndani ambavyo huonekana kwa darubini pekee. Kwa kereng'ende na vipepeo wengi, kwa upande mwingine, picha nzuri ya simu hutosha, na zipo programu kama iNaturalist ambamo kijana huweka picha yake, mahali na tarehe, na wajuzi wa kote duniani wakamsaidia kupata jina. Chama chenye busara huchanganya njia hizo mbili.

Kwa maoni yangu, kanuni tatu zinatosha. Kwanza, waanze na waliokwisha kufa: chini ya taa za barabarani, kwenye vizingiti vya madirisha, ndani ya tandabui. Pili, wasizidishe dume mmoja na jike mmoja wa kila aina. Tatu, asiyekuwa na kalamu na karatasi mfukoni asikamate chochote.

Njia iliyo salama zaidi kwa watoto ni friji. Mdudu akiwekwa katika kopo lililofungwa na kuachwa ndani ya sehemu ya kugandishia barafu kwa siku moja au mbili, hulala na asiamke. Pasipo na friji, hutumiwa chupa ya kioo yenye tabaka la plasta ya Paris chini, ikanyunyiziwa ethili asetati, kemikali ambayo hupatikana katika baadhi ya dawa za kuondolea rangi ya kucha. Mvuke wake si wa kuvutwa na huwaka moto upesi, kwa hivyo chupa hiyo ishikwe na mtu mzima. Vitabu vya kale hutaja sianidi. Hiyo ni sumu ya kuua watu, na haina nafasi katika chama cha vijana.

Pini na mkono wa kulia

Pini za kawaida za ofisini au za fundi cherehani ni nene na hushika kutu, hasa Pwani kwenye unyevu wa chumvi; baada ya mwaka mmoja kifua cha mdudu hupasuka. Pini maalumu za wadudu ni ndefu na nyembamba, na chama kikichangisha kidogo kidogo kinaweza kuagiza pakiti moja ikatumika kwa msimu mzima. Kielelezo kilichochomwa kwa pini ya ofisini bado kina thamani kuliko kile kisichokuwa na lebo.

Mahali pa kuchoma hapachaguliwi ovyo. Kipepeo, nondo na kereng'ende huchomwa katikati ya kifua. Mbawakawa huchomwa kwenye gamba la kulia, karibu na mbele. Panzi, inzi, nyuki na wafyonzaji vilevile huchomwa kulia kidogo mwa mstari wa katikati. Sababu ni ya kiakili sana: pini huharibu inapopita, na kwa kuwa upande mmoja wa mdudu ni kioo cha upande wa pili, ukiharibu kulia kila mara, kushoto kutabaki kamili kwa ajili ya atakayechunguza. Sentimita moja ya pini huachwa juu ya mgongo ili vidole vipate pa kushika. Mdudu mdogo asiyeweza kuvumilia pini hugandishwa kwa gundi kwenye ncha ya pembetatu ya karatasi ngumu, na pini ikapita kwenye karatasi hiyo.

Mabawa ya kipepeo hutandazwa juu ya ubao wenye mfereji katikati, yakabanwa kwa vipande vya karatasi hadi ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ufanye pembemraba na mwili. Huachwa hivyo kwa takriban wiki moja. Aliyekwisha kukauka hulainishwa kwanza kwa kufungiwa siku mbili tatu ndani ya kopo lenye mchanga uliolowa maji na matone machache ya dawa ya kuua viini, la sivyo atavunjika kama biskuti. Viwavi, mchwa na vidukari, ambao miili yao ni laini, hawachomwi pini kamwe. Huhifadhiwa katika vichupa vyenye spiriti ya asilimia 70. Kiwavi atumbukizwe kwanza katika maji moto kwa muda mfupi, vinginevyo atageuka mweusi na alama zake zote kupotea.

Lebo

Sasa tumefika penyewe. Mnamo 1835, Charles Darwin, ambaye tangu ujana wake alikuwa mkusanyaji wa mbawakawa mwenye uraibu uliokithiri, alizuru visiwa vya Galápagos na kukusanya ndege wadogo wa aina kadha. Wengi wao hakuandika walitoka kisiwa kipi. Aliporudi Uingereza na kuambiwa na mtaalamu wa ndege kwamba huenda tofauti za visiwa ndizo zilizobeba siri yote, ilimbidi aazime maelezo ya wenzake wa merikebuni, akiwemo nahodha FitzRoy, waliokuwa wameandika vyema zaidi yake. Ikiwa kichwa kama kile kiliponzwa na lebo, mwanafunzi wa Gredi ya Saba ana udhuru, lakini pia ana onyo.

Lebo huwa ndogo, isiyozidi upana wa kucha ya kidole gumba mara mbili hivi, na huchomwa kwenye pini ileile chini ya mdudu ili visiachane. Huandikwa kwa penseli au kwa wino usiofutika. Wino wa kalamu za kawaida hufifia. Ndani ya kichupa cha spiriti, lebo ya penseli hutiwa ndani, kwani iliyobandikwa nje hubanduka. Mfano ni huu:

KENYA: Kaunti ya Kilifi, Gede, ukingo wa shamba la mahindi
3°18′ Kusini, 40°01′ Mashariki
12.v.2025, kwenye taa usiku
Mkusanyaji: (jina kamili)

Tuichambue. Jina la mahali pekee halitoshi. Kijana akiandika 'Majengo', msomaji atauliza: Majengo ya Nairobi, ya Mombasa au ya mji mwingine? 'Nyumbani kwa nyanya' ni mahali pazuri mno duniani lakini hapamo katika ramani. Isitoshe, majina ya utawala hubadilika. Vielelezo vya zamani katika makavazi ya dunia vimeandikwa 'British East Africa' na 'Tanganyika', na vilivyokusanywa nchini kabla ya 2013 vimetaja wilaya ambazo sasa ni kaunti. Vipimo vya latitudo na longitudo havina serikali ya kuvibadilisha, na siku hizi simu nyingi huvitoa kwa kubonyeza mara moja.

Mwezi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi. Anayesoma 5/6/2025 jijini Nairobi ataelewa kuwa ni Juni. Mmarekani ataelewa kuwa ni Mei. 5.vi.2025 haina utata popote.

Maneno 'ukingo wa shamba la mahindi' na 'kwenye taa usiku' ndiyo ambayo vijana huyaacha kwanza, na mara nyingi ndiyo yenye habari nyingi zaidi. Mdudu aliyekutwa juu ya jani la kunde akilila si sawa na aliyekutwa juu ya jani hilo akimla kidukari. Wa kwanza ni adui wa mkulima, wa pili ni kibarua wake asiyelipwa.

Jina la mdudu huwekwa katika lebo ya pili, chini ya ile ya kwanza. Utaratibu huu una hekima: jina laweza kuwa na makosa na likarekebishwa miaka 50 baadaye, lakini mahali na tarehe visipoandikwa siku ileile havirudi tena.

Tumtazame kipepeo wa rangi ya machungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, Danaus chrysippus, anayeonekana karibu kila pembe ya nchi. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na kipepeo mwenyewe huwa mchungu kwa ndege. Sasa yupo mwingine, Hypolimnas misippus, ambaye jike wake amejivika rangi zilezile ingawa hana uchungu huo, ilhali dume wake ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe. Bila shaka kijana atawaweka majike wa aina hizo mbili pamoja, na kumtenga dume kama mgeni. Haidhuru. Lebo zikiwa sahihi, siku atakapogundua wamemchezea shere, atahamisha pini tatu tu na mkusanyo utakuwa umemfunza jambo ambalo kitabu kingemwambia akalisahau.

Mahindi

Wapo watakaosema kuwa haya ni mambo ya wenye nafasi, na kwamba mtoto wa mkulima ana jembe linalomngoja. Nitawajibu kwa kumtaja kiwavi mmoja.

Mapema 2016, kiwavijeshi kutoka bara la Amerika, Spodoptera frugiperda, alithibitishwa kuwepo Afrika Magharibi. Kufikia 2017 alikuwa ameingia Kenya na kuyatafuna mahindi. Afrika ilikuwa tayari na kiwavijeshi wake wa asili, ambaye huja kwa makundi na kuondoka. Huyu mgeni alikuja akakaa, na hujificha ndani ya moyo wa mhindi ambamo dawa haimfikii kwa urahisi. Anayemchanganya na yule wa kwanza huchelewa kuchukua hatua, au huchukua hatua isiyofaa.

Alama za kumtambulisha zinaweza kufundishwa kwa mtoto wa miaka kumi: mstari mweupe wenye umbo la herufi Y iliyopinduliwa usoni, na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia. Chama kilichowahifadhi viwavi wa mahindi katika spiriti msimu baada ya msimu, kila kichupa na tarehe yake, kitakuwa na jambo ambalo ni adimu hata katika ofisi za kilimo: ushahidi wa siku ambayo mgeni alikuwa hajafika, na wa siku aliyofika.

Vivyo hivyo kwa dumuzi wa ghalani, aliyetoka Amerika ya Kati na kuingia Afrika Mashariki kupitia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla ya kuvuka mpaka hadi upande wa Taveta miaka michache baadaye. Mkulima aliyekuta mahindi yake yamegeuka unga ndani ya gunia hakuhitaji mhadhara kuhusu umuhimu wa kumjua mdudu kwa jina.

Chama kikimpata mdudu mgeni shambani, mahali pa kuanzia ni kwa afisa wa kilimo wa wadi, ambaye anaweza kukiunganisha na Kephis, shirika la serikali linalosimamia afya ya mimea, au na watafiti wa icipe. Na kielelezo kipelekwe pamoja na lebo yake. Afisa anayeletewa kiwavi ndani ya karatasi ya maziwa, bila mahali wala tarehe, hana la kufanya isipokuwa kushukuru.

Sheria nayo

Mwezi wa Aprili 2025, vijana wawili raia wa Ubelgiji, wenye umri wa miaka 19, walinaswa katika nyumba ya wageni mjini Naivasha wakiwa na sisimizi malkia wapatao 5,000 waliowekwa katika vichupa vyenye pamba. Walijitetea kuwa hawakujua wanavunja sheria. Mwezi uliofuata, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza wao, pamoja na Mkenya mmoja na raia mmoja wa Vietnam waliokamatwa katika kisa kingine, faini ya Sh1 milioni kila mmoja au kifungo cha miezi 12.

Wakenya wengi walicheka waliposikia habari hizo, sisimizi? Hata hivyo, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haimtambui ndovu pekee. Sisimizi hao huuzwa ng'ambo kwa wafugaji wa wadudu, na malkia mmoja akiondoka, kichuguu kizima ambacho angekianzisha kimeondoka naye.

Tofauti kati ya mradi wa chama na biashara ya magendo isiachwe igunduliwe mahakamani. Vijana wakusanye katika mashamba na viwanja walivyoruhusiwa na wenyewe. Wasikusanye ndani ya mbuga, hifadhi wala misitu ya serikali bila kibali cha maandishi kutoka kwa wahusika. Wasiuze, na wasitume kielelezo chochote nje ya nchi, hata kama anayekiomba ni rafiki wa mtandaoni mwenye maneno ya upole.

Sanduku

Mkusanyo uliokamilika una maadui kuliko ulipokuwa shambani. Sisimizi wataunyemelea usiku wa kwanza. Wapo mbawakawa wadogo ambao mabuu yao hula wadudu wakavu hadi kubaki vumbi na pini, na Pwani kuna ukungu. Sanduku linapaswa kuwa na mfuniko unaobana. Sakafuni hutandikwa kitu laini cha kuchomekea pini. Vipande vya povu jeupe linalokuja na televisheni mpya hufaa, na asiyekuwa nalo anaweza kukata kiini cha bua la mkonge lililokauka.

Tahadhari moja: naftalini huliyeyusha povu hilo, na ethili asetati hulitafuna kabisa. Anayetumia povu asitie vidonge vya nondo ndani. Badala yake, alifunge sanduku katika mfuko wa plastiki na kulilaza ndani ya friji ya kugandisha kwa siku kadha, mara mbili kwa mwaka. Vidonge vyenyewe havifai kuwekwa mahali ambapo watoto hushinda wakivuta harufu yake.

Vijana wa Nairobi na viunga vyake wana bahati ya kuwa karibu na Makavazi ya Kitaifa, yenye mizizi yake katika chama cha wapenzi wa mazingira kilichoanzisha jumba la makumbusho jijini mnamo 1910, na ambayo wataalamu wake huhifadhi mkusanyo mkubwa wa wadudu wa ukanda huu. Kiongozi aandike barua mapema kuomba kuzuru idara hiyo, kwani haimo miongoni mwa kumbi zinazofunguliwa kwa umma. Awatake vijana wabebe sanduku lao. Jina ambalo wamelitafuta kwa miezi mitatu huenda likapatikana kwa dakika tatu.

Na kwa kuwa wanachama wa vyama vya shule huhitimu na kuondoka, kila chama kiwe na daftari moja ambamo kila kielelezo kina nambari, na nambari hiyo iandikwe pia kwenye lebo. Daftari likae ndani ya kabati moja na sanduku. Mwalimu mlezi akihamishwa, aviache vyote viwili, na amkabidhi mwenzake ufunguo mbele ya vijana.